Pembetatu Haina Namba: Kusoma Alama za Tahadhari Kati ya Kampala na Arua

Dereva mpya anayejiandaa kwa mtihani wa leseni nchini Uganda huanza kwa kukariri. Hupewa karatasi iliyojaa picha za alama za barabarani, naye huzipitia moja baada ya nyingine: kona kali kushoto, kona kali kulia, matuta mbele, mteremko mkali, daraja jembamba, watoto, ng'ombe. Siku ya mtihani mkaguzi hunyoosha kidole kwenye picha, mtahiniwa hutaja jina lake, na mambo huishia hapo. Sina ugomvi na kukariri, kwa sababu asiyejua alama inaitwaje hawezi kuifuata. Lakini tangu nilipoanza kuendesha gari mwenyewe kati ya Kampala na Arua nimesadiki kwamba jina ni sehemu ndogo sana ya kuielewa alama ya tahadhari, na kwamba wengi wetu hupewa leseni tukiwa tumejifunza sehemu hiyo peke yake.

Mduara wenye ukingo mwekundu hukataza, mduara wa buluu huamrisha, na mstatili huelekeza au huarifu. Hizo ni alama zinazosema wazi zinachotaka. Mduara ulioandikwa 50 mjini hauna mjadala: ukizidisha, umevunja sheria, na askari wa trafiki akikusimamisha huna la kujitetea. Pembetatu iliyosimama wima yenye ukingo mwekundu ina tabia nyingine. Inakuambia kwamba mbele kuna jambo ambalo bado hulioni, kisha inakuachia wewe uamue la kufanya. Haina namba. Kona inayoonyeshwa inaweza kupitika kwa kilomita 70 kwa saa ukiwa na gari dogo mchana wa jua kavu, na inaweza kukutupa porini kwa kilomita 40 ukiwa umebeba mizigo mvua ikinyesha. Picha ni ileile, na namba inayofaa ni wewe unayepaswa kuitafuta, katika muda mfupi kuliko unaotumia kusoma sentensi hii.

Muda huo unapimika. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Alama ikiwa imesimikwa mita 150 kabla ya hatari, una sekunde zisizofika saba tangu unapoipita mpaka unapofika penyewe. Sekunde moja na ushee huishia kwenye kutambua na kuamua, na sehemu kubwa ya zilizobaki ni za gari lenyewe kupunguza mwendo. Tena umbali wa kusimama hauongezeki sawasawa na spidi: ukienda kwa mwendo maradufu, breki zinahitaji umbali mara nne ili kulisimamisha gari lilelile. Kwa hiyo dereva anayengoja aione hatari yenyewe ndipo aamini alama amekwisha kuitupa zawadi aliyopewa.

Aliyenifundisha ni mzee wa mtaani kwetu aliyeendesha malori kwa miaka mingi, na somo lake la kwanza halikuhusu picha hata moja. "Mwanangu," alikuwa akisema, "ukiona pembetatu kwa mbali, mguu utoke kwenye mafuta kwanza. Kusoma kilichochorwa kuje baadaye." Nilipomuuliza, "Mzee, na kama ni jambo dogo tu?" alijibu kwamba jambo likiwa dogo nitakuwa nimepoteza sekunde mbili, na mafuta nitakuwa nimeokoa. Sijapata maelekezo bora kuliko hayo. Mguu ukishatoka kwenye mafuta gari linaanza kutii injini, macho yanapata nafasi ya kusoma, na ukilazimika kukanyaga breki hukanyagi kwa hofu.

Alama hizi zina umri mkubwa kuliko barabara zetu za lami. Mwaka 1909 wajumbe wa nchi kadhaa walikutana Paris wakakubaliana kuhusu alama nne za hatari za kuwekwa barabarani: tuta au bonde la ghafla, kona, makutano ya barabara na kivuko cha reli. Magari yalikuwa machache na ya polepole, lakini walichagua vyema, maana hata leo mtu akitoka Kampala kuelekea kaskazini atakutana na tatu kati ya hizo kabla hajafika mbali, na akitoka kuelekea Jinja atakutana na ya nne upande wa Namanve. Mkataba uliotungwa Vienna mwaka 1968 ndio uliopanga alama za barabarani kwa upana zaidi, ukiruhusu alama ya hatari iwe pembetatu yenye ukingo mwekundu au umbo la almasi la rangi ya njano. Sisi tuko upande wa pembetatu. Utaratibu huohuo uliziachia alama mbili maumbo ya peke yake: pembetatu iliyopinduliwa ya kumpisha mwenzako, na pembenane ya kusimama. Maumbo hayo hutambulika hata yakijaa vumbi jekundu, hata yakitazamwa kwa nyuma. Jambo hili lina faida ambayo wanafunzi wengi hawaambiwi: ukikaribia makutano na kuona mgongo wa pembenane kwenye barabara inayoingia, unajua kwamba yule mwingine ndiye anayetakiwa kusimama. Kama kweli atasimama, hilo ni suala jingine, nawe unapaswa kuwa tayari kwa majibu yote mawili.

Mahali panaponifundisha zaidi ni Karuma. Anayetoka Kampala hupita Luweero, Nakasongola, Kigumba na Bweyale, na kwa sehemu kubwa ya safari hiyo barabara imenyooka, ardhi ni tambarare, na gari hujisahau kwenye spidi kubwa bila dereva kuhisi. Kisha barabara inaanza kushuka kuelekea mto Nile, na alama zinafuatana. Kuna mteremko, kuna kona, kuna daraja, na kuna nyani ambao wamezoea kukaa kando ya lami wakisubiri kutupiwa chakula. Dereva aliyekariri huzisoma alama hizo kama orodha ya vitu vinne. Dereva anayeelewa huzisoma kama sentensi moja: mteremko utaongeza mwendo wa gari, kona itahitaji mwendo uwe umeshapungua, daraja litabana nafasi ya kukwepa, na mnyama au mtu anayempiga picha mnyama anaweza kuwa katikati ya hayo yote. Ukiisoma hivyo, unajua kwamba kazi yote inapaswa kufanyika juu, kabla gari halijaanza kushuka.

Alama ya mteremko mara nyingine huandikwa asilimia, nayo ni hesabu nyepesi: asilimia 10 maana yake kwa kila mita 100 unazosonga mbele unashuka mita 10. Mtu akiwa kwenye gari dogo huiona asilimia hiyo kama pambo. Lakini fikiria trela lililojaa saruji linaloshuka hapo. Dereva wake akitegemea breki peke yake, akazikanyaga mfululizo kutoka juu hadi chini, zitapata moto mpaka zikose nguvu ya kushika, na hapo pedali itakuwepo lakini gari halitamsikiliza. Ndiyo maana madereva wa malori hushuka wakiwa wamefunga gia ya chini tangu kileleni, injini ikilia, mwendo ukiwa mdogo kiasi cha kuwakera walio nyuma. Dereva mpya aliye nyuma ya lori kama hilo anapaswa kuelewa kwamba lori limeisoma alama, na kwamba kulipita kwenye mteremko wenye kona ni kuidharau kazi ambayo mwenzake anaifanya kwa uangalifu. Kanuni ya mzee wangu ilikuwa kwamba gia utakayopandia mlima ndiyo utakayoshukia. Magari ya siku hizi yana breki nzuri zaidi kuliko yale aliyoyaendesha, lakini bado naifuata, na abiria wangu hawajalalamika.

Kuhusu matuta nina neno, kwa sababu hapa ndipo alama na barabara zetu hutengana mara nyingi. Kila mji mdogo kwenye barabara kuu una matuta yake, na kabla ya matuta makubwa huwa kuna vituta vidogo vya kutetemesha gari, vilivyokusudiwa kumwamsha dereva aliyesinzia au aliyejisahau. Vizuri vikitanguliwa na pembetatu na kupakwa rangi nyeupe. Lakini rangi hufutika, pembetatu hugongwa ikaanguka, na tuta hubaki pale likiwa na rangi ileile ya lami. Usiku huwezi kuliona hadi umelifikia. Dereva anayejua tuta huwekwa kwa sababu gani anaweza kulitabiri hata alama isipokuwepo: tuta huwekwa mahali ambapo watu huvuka, na watu huvuka penye shule, soko, kituo cha afya, kisima, kanisa, msikiti, au kituo cha teksi na bodaboda. Akiona mabati ya maduka yanaanza kuongezeka pande zote mbili, akiona bodaboda zimepangwa chini ya mwembe, akiona taa za nyuma za gari lililo mbele zinawaka kwa pamoja bila sababu inayoonekana, hana haja ya kuambiwa zaidi.

Alama ya makutano nayo hustahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyotazamwa. Pale inapochorwa kwa mstari mnene na mwembamba, mstari mnene ndio barabara yenye haki ya kutangulia na mwembamba ni ile inayopaswa kungoja. Wanafunzi wengi hufurahi wakigundua kwamba wao wako kwenye mstari mnene, wakaongeza mafuta. Mimi naona alama hiyo iliwekwa kwa sababu ya wale walio kwenye mstari mwembamba, ambao kwetu ni barabara ya udongo mwekundu inayotoka kijijini, yenye bodaboda iliyobeba abiria wawili na gunia la mkaa, ambayo dereva wake amezuiwa na migomba asikuone mpaka gurudumu la mbele limekwisha kuingia kwenye lami. Haki ya kutangulia unayo. Pamoja na haki hiyo, fanya tayari mguu wako.

Kivuko cha reli nakipitia haraka, maana hapa hakuna la kupima. Picha ya uzio inamaanisha kivuko kina geti. Picha ya garimoshi inamaanisha hakuna geti, na macho na masikio yako ndiyo geti. Treni ya mizigo haiwezi kusimama kwa ajili yako hata dereva wake akikuona mapema. Usiingie kwenye reli mpaka uone nafasi ya gari lako upande wa pili, hasa kwenye foleni za pembezoni mwa Kampala ambako magari husukumana bumpa kwa bumpa.

Alama ya watoto ndiyo ninayoomba kila dereva mpya aitafakari peke yake, gari likiwa limezimwa. Shirika la Afya Duniani limewahi kueleza kwamba mtu mzima anayegongwa na gari likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa ana uwezekano wa kufa ulio chini ya asilimia 20, na kwamba gari likiwa katika kilomita 80 uwezekano huo hufika karibu asilimia 60. Takwimu hizo ni za mtu mzima. Mtoto ni mfupi, kichwa chake kiko karibu na usawa wa boneti, na bado hajui kukadiria mwendo wa gari linalokuja. Tena katika vijiji vyetu mtoto hasubiri kengele ya shule ndipo awe barabarani: asubuhi na mapema yuko na dumu la maji, jioni yuko na mbuzi, na wakati wa mapumziko yuko ng'ambo ananunua mandazi. Mahali ambapo mtoto mmoja amevuka, chukulia kwamba kuna wa pili anayemkimbilia kwa nyuma. Hapo kilomita 50 ambazo sheria inakuruhusu ndani ya mji zinaweza kuwa nyingi mno, na pembetatu ile isiyo na namba inakutaka uchague 30 au chini yake.

Wanyama wa kufugwa na wa porini wana picha tofauti, na tabia zao pia ni tofauti. Nakasongola ni nchi ya wafugaji, na ng'ombe wa kundi hufuata aliye mbele. Ukimwona mmoja amevuka, usijipenyeze kati yake na wenzake kwa honi, bali simama mchungaji amalize kazi yake. Ukishapinda Karuma kuelekea Pakwach, barabara inapita kando ya hifadhi ya maporomoko ya Murchison, na karibu na Pakwach tembo huonekana mara kwa mara. Tembo wakati wa magharibi ana rangi ya vumbi lilelile la pembeni, kwa hiyo usitegemee kumwona kwa mbali. Ukimkuta barabarani, simama mbali, usipige honi, usimulike taa kali, wala usishuke kupiga picha. Yeye ndiye mwenyeji.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Alama zetu huibwa. Bamba na nguzo zake huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na pale kona kali ilipokuwa na onyo panabaki shimo la zege. Nyingine hazikuibwa ila zimemezwa na matete baada ya mvua, au zimebandikwa picha za wagombea wakati wa kampeni. Mtu anayeng'oa alama ya kona kwa ajili ya shilingi chache anamtoa kafara mtu asiyemjua, na anayemnunulia anashiriki. Nasema hivyo bila kupunguza neno. Mkulima anayefyeka matete yanayoziba alama karibu na shamba lake, bila kuagizwa na yeyote, amefanya kazi ya uokoaji, hata kama hakuna atakayejua aliokoa nani.

Pengo hilo limejazwa kwa sehemu na alama ambazo hazimo katika karatasi yoyote ya mtihani. Ukikuta matawi mabichi ya miti yametandazwa kwenye lami, mbele yako kuna lori lililoharibika, pengine bila taa na bila pembetatu za kuakisi mwanga. Matawi yaheshimu kama unavyoiheshimu alama ya serikali: toa mguu kwenye mafuta, na usipite upande wa pili mpaka uone mwisho wa lori na barabara tupu baada yake. Hata hivyo matawi hayaonekani usiku, na hayamwondolei mwenye lori wajibu wa kubeba pembetatu zake. Kuna pia lugha ya indiketa za malori: ya kulia ikikuonya usipite, ya kushoto ikikukaribisha kupita. Hii siiamini kama ninavyoyaamini matawi. Indiketa ya kushoto inaweza kuwa na maana kwamba dereva anataka kusimama, na ya kulia kwamba anakata kulia kweli. Hata akikukaribisha kwa nia njema, hawezi kujua nguvu ya injini yako wala urefu wa barabara unaouhitaji. Mwezi wa Oktoba 2025, usiku, mabasi mawili yaligongana uso kwa uso katika barabara ya Kampala–Gulu wakati madereva wote wawili wakijaribu kuyapita magari mengine, na watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Sitaki kuongeza maneno juu ya msiba huo, ila kumkumbusha dereva mpya kwamba uamuzi wa kupita haukopeshwi na mtu mwingine.

Usiku unabadilisha usomaji wote. Bamba la alama limefunikwa kwa utando wenye chembe ndogo sana zinazourudisha mwanga kule ulikotoka, ndiyo maana taa zako zikiligusa linawaka mbele ya macho yako huku nyasi zilizo kando yake zikibaki gizani. Vumbi na mikwaruzo huuua uwezo huo. Kwa hiyo alama iliyofifia usiku haina maana kwamba iko mbali. Inaweza kuwa karibu na chafu. Pale ambapo hakuna alama kabisa, tafuta ushahidi mwingine: mstari wa miti au wa nguzo za umeme unaokata kuelekea kushoto ilhali taa zako bado zinaangaza mbele, alama nyeusi za matairi zinazoishia pembezoni, kingo za chuma zilizopinda. Hizo za mwisho zimeandikwa na watu waliofika hapo kabla yako.

Siku hizi ninamfundisha mpwa wangu, ambaye amebandika herufi L nyekundu mbele na nyuma ya gari. Nikiwa ndiye ninayeendesha, yeye hukaa kiti cha mbele na kazi yake ni kusema kwa sauti mambo matatu kila pembetatu inapotokea: imewekwa kwa sababu gani, ni mwendo gani unaofaa kwa saa hiyo na hali hiyo ya hewa, na ni gia ipi. Jina la alama simuulizi. Mwanzoni alisema mwendo uleule kwa kila kona. Sasa hutazama kwanza kama lami imelowa, huuliza tumebeba nini nyuma, na mara nyingine hunitajia namba iliyo ndogo kuliko ile ninayokwenda nayo. Hapo mimi, shangazi yake, hupunguza mwendo.